Harufu ya Pareto Iliyoungua

Kwa maneno ya Edah, mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa usiku wa manane, mwezi haupo, na yeye Edah ametoka nje kwa haja zake, mtu na leso yake moja. Akaona moto nyuma ya nyumba ya Waithaka. Akaona wanaume kumi, kumi kamili maana aliwahesabu kwa vidole vya mikono yote miwili, wakiingia mmoja mmoja wameinama, migongo wazi. Akaona mbuzi amechinjwa, damu yake imekingwa kwenye kibuyu, na kibuyu kinapita mdomo kwa mdomo. Akasikia sauti nene ikisema, "Atakayetaja, afe," na sauti zingine zikiitikia. Hapo Edah akatimua mbio, leso ikanaswa na uzio wa miiba, na tangu siku hiyo leso ile hajaiona tena.

Alisimulia hivyo kisimani. Akasimulia tena penye mizani ya pareto, na Jumapili akasimulia nje ya kanisa huku amebeba Biblia ya mumewe. Kila aliposimulia, wanaume waliongezeka. Kisimani walikuwa kumi. Kufika kanisani walikuwa ishirini, na mmoja wao ana bunduki.

Nakhungu alimsikiliza mara zote tatu. Alikuwa mwanamke kijana wa maneno machache, aliyesoma mpaka darasa la nne huko kwao Kamukuywa kabla baba yake hajasema inatosha, na alikuwa na tabia ya kutazama kitu mpaka kitu chenyewe kichoke kutazamwa. Leso iliyopotea aliiona kwa macho yake imeanikwa uani kwa Edah, ile nyekundu yenye maembe. Na huyo mbuzi alimjua pia.

Mbuzi alichinjwa Jumapili ya kabla ya hiyo, saa tisa mchana, jua likiwaka mabati ya banda la kukaushia pareto. Wangechi, mke wa Waithaka, alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku iliyotangulia, na mikono iliyompokea mtoto huyo ilikuwa ya Nakhungu. Wanaume kumi walikuwa wanne: Waithaka mwenyewe, ndugu zake wawili kutoka shamba la jirani, na mzee mmoja ambaye hata angetaka kuinama asingeweza, kiuno chake kilikuwa kama ubao. Walichinja mbuzi kama wanavyofanya kwao mtoto akizaliwa, mzazi akanywa supu. Na kibuyu kilichopita mdomo kwa mdomo kilikuwa na uji. Nakhungu alijua ni uji kwa sababu na yeye aliunywa, ukiwa mchachu wa kukunja uso.

Edah basi alichukua mchana akaufanya usiku, akachukua uji akaufanya damu. Alikuwa mzoefu wa kuchachusha vitu. Katika laini yote, safu ile ya nyumba za wafanyakazi, hapakuwa na mwanamke aliyemshinda kwa kupika pombe ya busaa.

Shamba lenyewe lilikuwa kwenye miteremko ya Elgon, kando ya barabara ya Suam, na mwenyewe alikuwa mzungu ambaye watu walimwita Bwana Kisigino, kwa vile alitembea akitanguliza kisigino kama mtu anayeponda mende. Alikuwa na mahindi, alikuwa na ng'ombe wa maziwa, lakini kilichowalisha watu sitini wa laini yake kilikuwa pareto. Wanawake walichuma maua, wanaume walikata kuni, na Waithaka alikausha.

Na hapo kwenye kukausha ndipo penye kazi. Ua la pareto linaonekana kitu bure, jeupe lenye kitovu cha njano, lakini ndani yake mna sumu ya kuua wadudu, na hiyo sumu ndiyo inayonunuliwa. Moto ukizidi, sumu inapotea, unabaki na takataka. Waithaka alikaa bandani tangu umande hadi jioni, akipitisha mgongo wa mkono chini ya kila trei, akiongeza gogo, akitoa gogo. Hakuwa ananusa. Alichukua ua moja akalifikicha kwa vidole: kitovu kikivunjika kama chumvi na weupe ungalipo, pareto imeiva.

"Pareto ni kama mtoto mchanga, mama," alimwambia Nakhungu siku moja alipopeleka debe lake. "Inataka joto, haitaki moto."

Mkata kuni wake alikuwa Mukhisa, mume wa Edah. Mara mbili Waithaka alimrudishia kuni mbichi mbele za watu, na mara zote mbili wanawake wa mizani walicheka. Mtu mwingine angesahau. Edah hakusahau.

Labda hata hivyo maneno yake yangekufa kisimani, kama si nyakati zenyewe. Ulikuwa mwaka wa hamsini na mbili, mwezi wa kumi na moja, hali ya hatari imetangazwa juzi tu kwa sababu ya viapo vya usiku vya Wakikuyu, watu wa kabila la Waithaka. Wazungu walikwenda mjini Kitale kununua sukari wakiwa na bastola viunoni. Ofisa mmoja kijana, masikio mekundu kwa jua, alikuja akawakalisha watu wote wa laini kwenye nyasi, akasema kupitia mkalimani kwamba aliyeona akanyamaza ni sawa na aliyefanya, naye atapandishwa lori moja na mkosaji. Watu wakatazamana. Tangu saa hiyo kila mmoja alianza kumpima jirani yake kwa jicho kama anayepima ng'ombe sokoni.

Edah ndiye aliyesimama. Alijifunga leso vizuri kiunoni, akaenda mbele, akasema yote, na mwisho akatia kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Aliporudi kuketi alikuwa akikitazama kidole chake kama mtu aliyevishwa pete.

Lori lilikuja Jumanne. Waithaka walimfunga mikono wakamtia kwenye gari dogo peke yake. Wangechi na watoto walipewa muda wa kuchemsha maji, si zaidi, wakusanye vitu vyao wapande lori la kurudishwa kwao. Alitoka na sufuria, blanketi, na kichanga cha wiki mbili kifuani. Laini yote ilikuwa imesimama kutazama. Watu ambao juzi walikuwa wakiomba chumvi kwake sasa walisimama mikono imefungwa kifuani, wengine wakitafuna miwa. Ndiyo, miwa. Nakhungu alisikia sauti ya meno yao.

Wangechi alimwona. Hakulia wala hakupiga kelele.

"Nakhungu," alisema. "Si ulikuwepo? Waambie."

Nakhungu akafungua mdomo. Na papo hapo akahisi vidole vinamfinya juu ya kiwiko, vinafinya mpaka mfupani. Vilikuwa vya Wekoye, mume wake.

"Nyamaza," Wekoye alimwambia kwa Kibukusu, bila kugeuza uso. "Unataka tupande na sisi?"

Akafunga mdomo. Lori likaondoka. 

Kilichofuata kilimtia kinyaa zaidi. Vumbi la lori halijatua, Edah alikuwa tayari kwenye kibanda cha kuku cha Wangechi, mkono ndani mpaka begani. Alichukua mitetea watatu na jogoo mwekundu. Mwingine akang'oa maharagwe shambani, yakiwa bado mabichi. Mukhisa aling'oa mlango. Mlango! Aliubeba mgongoni akavuka nao laini nzima, akitoka jasho, akiwasalimu watu.

Mzee Chesang, nyapara, mtu wa hapo hapo mlimani Elgon, alitazama hayo akatema mate kando. "Nyinyi watu wa Bungoma," alisema, "mmemfukuza mganga mkagawana mkoba. Sasa dawa atajua nani?"

"Dawa gani, mzee?" Mukhisa akamjibu chini ya mlango wake. "Kukausha maua ni dawa?"

Bwana Kisigino alihitaji mtu bandani siku hiyo hiyo, maana trei zilikuwa zimejaa. Akauliza nani anajua. Wekoye akasema anajua. Yeye alikuwa mwendesha maksai. Cha moto alichokijua ni kuwasha sigara. Lakini kazi ya banda ilikuwa na mshahara karibu mara mbili, pamoja na nyumba ya bati, nayo ilikuwa ile ile ya Waithaka. Wakahamia. Nakhungu alifagia sakafu siku tatu mfululizo na bado aliona haijatakata. Ukutani palikuwa na alama nyeusi ya moshi, mahali taa ya Wangechi ilipokuwa ikining'inia. Aliisugua kwa majivu, haikutoka. Mlangoni palikuwa wazi, maana mlango ulikuwa kwa Mukhisa, na Mukhisa alisema atawauzia.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, Edah alikuja bandani na kikombe chake cha chai mkononi, kama mama mkwe.

"Mulamwa," alimwambia Wekoye, yaani shemeji, kwa kuwa mumewe na Wekoye walikuwa wa ukoo mmoja, "usitetemeke. Hii ni kama unga wa busaa tu. Si unaona ninavyofanya? Unga uliochacha unautia juu ya bati, chini moto wa nguvu, unageuza, unageuza, ukibadilika rangi na harufu ikifika mlangoni, umeiva. Sikiliza pua yako. Pua haidanganyi."

"Waithaka alikuwa hanusi," Nakhungu alisema kutoka nje. Alikuwa ameleta debe la maua. "Alifikicha kwa vidole. Alisema weupe usipotee."

Wekoye na Edah wakatazamana, kisha wakacheka.

"Huyo alikuwa anamzungusha mzungu," Wekoye alisema. "Alitaka kazi ionekane ngumu ndio asitolewe. Siku nzima kupapasa trei! Mimi saa sita nitakuwa nimemaliza."

Na kweli, saa sita alikuwa amemaliza. Moto ulinguruma chini ya trei kama gari linalopanda mlima. Harufu ilifika mlangoni, ikapita mlango, ikafika kwenye laini. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua, yenye uchungu wa kukaa kooni. Ilikaa kwenye nguo zilizoanikwa, ikaingia kwenye ugali, ikaingia kwenye maziwa. Usiku Wekoye alipojinyoosha kando yake, Nakhungu aligeukia ukuta, na ukutani kulikuwa na ile alama ya moshi. Maua yalitoka bandani yamekuwa rangi ya hudhurungi, mazuri kabisa kama ungekuwa unapika busaa. Wekoye aliyashindilia kwenye magunia akajinunulia kofia.

Wiki ya tatu magunia yalirudi kutoka kwa wanunuzi wa Nakuru. Hayana nguvu, barua ilisema. Bwana Kisigino alimwita Wekoye, akampigia kelele, Wekoye akasema ni mvua. Wakapeleka mengine. Hayo hayakurudi hata magunia. Ilirudi barua peke yake.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, wakati ambapo kila mwaka trekta zilikuwa tayari zimeshaanza kuchimbua mashamba, trekta za Bwana Kisigino zilikaa chini ya turubai. Watu waliona wakadhani zinangoja spea. Halafu akaja mtu kutazama ng'ombe, akaondoka na kumi na wanne. Kisha Jumatatu moja Bwana Kisigino alisimama juu ya ngazi ya stoo, kisigino kimoja mbele, akazungumza kwa Kiswahili chake.

"Pareto kwisha," alisema. "Mimi hapana panda. Mimi hapana jua hii inchi nakwenda wapi. Leo iko serikali, kesho nani? Mtu napanda leo, navuna miezi sita. Nani najua miezi sita? Waithaka najua kazi, Waithaka kwenda. Mimi natia ng'ombe kidogo, natia majani ya ng'ombe, nangoja. Mwisho wa mwezi watu kumi nabaki. Ingine kwenda nyumbani."

Watu sitini, wabaki kumi. Mtu mmoja nyuma alisema, "Ati majani? Sisi tufukuzwe kwa ajili ya majani?" na mwingine akamwambia anyamaze, labda yumo katika wale kumi. Kuanzia jioni hiyo walipishana mlangoni kwa Mzee Chesang, maana nyapara ndiye angechagua hao kumi, huyu na mayai, yule na kibuyu cha maziwa, kila mmoja akimnong'oneza mabaya ya mwenzake. Chesang alikula mayai na hakuahidi mtu. Edah alimpelekea jogoo mwekundu, hai, miguu imefungwa. Nakhungu alimwona yule jogoo akipita amening'inia kichwa chini.

Wekoye hakungoja mwisho wa mwezi. Alijua yeye hawezi kuwa katika kumi. Alivaa kofia yake akaenda Bungoma kutafuta kazi, kwenye stesheni, kwenye maduka ya Wahindi, popote. Alikaa huko siku nane.

Siku ya tatu ya siku hizo, Nakhungu alisema jino linamuuma, akapanda lori la maziwa saa kumi na mbili asubuhi, akaenda Kitale.

Mji ule ambao zamani ulimtisha kwa kelele ulikuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Maduka yalifungua mlango mmoja, mwingine umekazwa kwa komeo. Kwenye baraza moja waliposhonea mafundi cherehani wa Kikuyu hapakuwa na fundi hata mmoja. Sakafuni zilibaki alama nne nne za miguu ya cherehani, na mwanamke mmoja amesimama hapo na gauni lililochanika, hajui alipeleke wapi. Nje ya duka la majembe wanaume waliketi kando ya ukuta, kutoka mtaa wa Tuwan na kutoka mashambani. Mmoja aliingia kuuliza kazi, akatoka. "Amesema tungoje aone nchi itakaaje," aliwaambia wenzake. Wakacheka kidogo, kwa sababu jana yake waliambiwa hivyo hivyo, na mwenye machimbo ya mawe, na mwenye lori, na mwenye kinu, wote walikuwa wanangoja. Nchi nzima, Nakhungu aliona, ilikuwa imeshika pumzi kama mtu anayepita penye mzoga.

Katika ofisi moja ya serikali alimkuta karani, mtu wa makamo aliyetoka upande wa Bungoma, kola yake imepigwa pasi mpaka imekuwa kama karatasi. Alijieleza. Karani alitoa faili, akasoma kwa midomo.

"Ulikuwepo wewe?"

"Nilikuwepo. Ilikuwa mchana. Kibuyuni mlikuwa na uji."

"Na siku ile ofisa alipouliza, ulisema nini?"

Nakhungu alitazama kidau cha wino. "Sikusema."

"Mdomo wako ulikuwa umemwazima nani?"

Karani akafunga faili, lakini hakuirudisha mahali pake. Alishusha sauti. "Sikiliza, mayi, mama yangu. Hapa kuna neno moja tu juu ya Waithaka, la Edah mke wa Mukhisa, na liko na kidole gumba. Neno la kidole halifutwi na neno la mdomo. Mlete mwenye kidole. Aje mwenyewe aseme alikosea, atie kidole tena. Huyo mtu bado yuko hapa Kitale, lakini Jumatatu kuna lori linawapeleka mbali, na likishaondoka hata mimi sitajua nimtafute kwa jina gani. Umesikia? Jumatatu kabla ya saa nne."

Alisikia. Alirudi kwa miguu, maana lori la maziwa lilikuwa limeshaondoka. Saa zote hizo barabarani alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Edah, na kila alipoyapanga yalimgeukia yeye mwenyewe. Edah alikuwa amesema uongo kwa mdomo mpana. Yeye alikuwa ameutafuna ukweli akaumeza. Kati ya hao wawili, nani alinuka zaidi? Akafika nyumbani hajapata neno. Akangoja. Kungoja alikujua. Lakini siku zilipita, na kila alipokwenda kwa Edah alikuta watu, au alikuta mdomo wake mwenyewe umekuwa mzito vile vile kama siku ya lori.

Wekoye alirudi Jumapili mchana. Hakuwa na kofia. Alikuwa ameiuza kwa nauli.

"Bungoma hakuna kitu," alisema, akiketi kwenye kigogo. "Pale stesheni watu wamekaa kama magunia. Nimepita Kamukuywa, baba yako anakusalimu, soko limejaa watu waliofukuzwa huku, mtu analima siku nzima kwa sahani ya githeri. Kila mahali ni ngoja, ngoja. Ati ngoja nchi itulie. Mimi tumbo langu haliwezi kungoja nchi, bana!"

Walikuwa uani kwa Edah, kwa sababu Edah alikuwa anakaanga unga wa busaa na hapo ndipo watu walipokusanyika siku hizo, kama nzi. Bati lilikuwa juu ya mafiga, unga mweupe uliochacha umetandazwa juu yake, na Edah anaugeuza kwa kipande cha ubao. Ubao huo Nakhungu aliujua. Ulikuwa wa mlango ule. Mukhisa alikuwa ameketi karibu, akinoa panga ambalo halikuwa tena na kuni za kukata.

"Nimefikiria njiani," Wekoye alisema. Akamtazama Edah, Edah akamtikisia kichwa aendelee, na Nakhungu akajua kwamba jambo hili lilikuwa limeshazungumzwa kabla yeye hajafika pale. "Mzungu si alisema mwenyewe? Waithaka najua kazi, Waithaka kwenda. Basi Waithaka akirudi, pareto inarudi. Pareto ikirudi, watu wote wanarudi. Mimi narudi kwa maksai wangu, sina ubaya. Anachohitaji Bwana ni kuambiwa kwamba yule mtu hakuwa na kosa."

"Na aliyekuwepo," Edah alidakia, sauti imelainika kama mafuta ya kuku, "si ni wewe mwenyewe, Nakhungu? Wewe ndiye ulimpokea mtoto. Wewe umesoma, unajua kuongea na wakubwa. Enda umwambie Bwana ulichoona. Ukweli, mayi! Ukweli si dhambi. Sasa sisi wote tufe njaa na ukweli umeukalia?"

Nakhungu alimtazama. Alimtazama kwa namna ile yake mpaka Edah akahamishia macho kwenye bati. Kumbe ukweli ulikuwa unajulikana. Ulikuwa umekaa uani hapa siku zote kama mbwa wa nyumbani, umefungwa, na sasa kwa kuwa mwizi mwingine amekuja, mwizi wa posho, wanataka ufunguliwe ubweke. Harufu ya unga ilianza kupanda. Ilikuwa ile ile ya bandani, tofauti ni kidogo tu.

"Nimeshakwenda," alisema.

Panga la Mukhisa likanyamaza. "Wapi?"

"Kitale. Si kwa Bwana. Ofisini kwenyewe. Siku ile ya jino."

"Ulikwenda bila kuniambia?" Wekoye aliuliza.

"Safari hii hukuwa karibu unifinye."

Mukhisa alikohoa, akaangalia panga lake. Wekoye alifungua mdomo, akaufunga, na Nakhungu akaona jinsi mdomo unaofungwa unavyoonekana ukiwa wa mtu mwingine.

"Wamesema nini?" Edah aliuliza. Alikuwa ameacha kugeuza.

"Wamesema neno langu ni la mdomo. Linalomshika ni neno la kidole. Mwenye kidole ndiye anayetakiwa aende, aseme alikosea, atie kidole mara ya pili. Waithaka yuko Kitale bado. Kesho saa nne lori linampeleka mbali."

Kuku mmoja wa Wangechi, wa mwisho, alipita akidonoa chini ya kigogo.

"Watamfunga mke wangu," Mukhisa alisema.

"Na Waithaka, yeye yuko harusini?" Nakhungu aliuliza.

"Si hivyo, mulamwa. Ninasema tu... Mtu na watoto wake."

"Wangechi alipanda lori na wangapi?"

Mukhisa alirudi kwenye panga. Wekoye alikuwa akichora chini kwa kijiti. 

Nakhungu aliinuka, akavuka ua, akachutama mbele ya mafiga, moshi ukamwingia machoni hakuufukuza. Sasa nyuso zao, yeye na Edah, zilikuwa kimo kimoja, bati kati yao. Aliona jasho juu ya mdomo wa Edah, aliona mikono yake, kidole gumba cha kulia kimepakwa unga mpaka kwenye kiungo.

"Mama, mimi sikusifii na sikulaumu," alisema. "Nilikuwa nimesimama pale, nikanyamaza, na nanuka vile vile. Nitasimama karibu na wewe. Ukishindwa kusema, nitaanza mimi, halafu wewe utie kidole tu. Wakikuweka ndani, watoto wako watakula kwangu, na kama kwangu hakuna, watakula Kamukuywa kwa mama yangu. Lori la maziwa linapita hapo njiani saa kumi na mbili asubuhi. Utapanda na mimi?"

Unga ulikuwa umeshaanza kuwa hudhurungi pembeni. Edah aliinua ubao wake, akaukung'uta ukingoni mwa bati, akaanza tena kugeuza unga, polepole, kutoka upande huu kwenda upande ule.